Mtoto anaupiga mwingi mazoezini, siku ya mechi anajificha: tunamsaidiaje?

Mwalimu wa Mchangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nafundisha mpira watoto wa miaka 9 hadi 14, wavulana kwa wasichana, kwenye kiwanja cha mtaani kwetu. Swali ambalo wazazi huniuliza kuliko yote halihusu chenga wala mashuti. Ni hili: "Mwalimu, mbona mwanangu mazoezini yuko vizuri, siku ya mechi simwoni?" Nimeona nilijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu wengi tunaishia kumwambia mtoto "jiamini!" na kudhani tumeshamsaidia. Neno hilo halimpi kitu cha kufanya. Anarudi uwanjani na hofu ileile, sasa ameongezewa na deni la kujiamini.

Kwanza tujue kujificha kunafananaje, maana mtoto anayejificha mara nyingi anakimbia sana na jasho linamtoka. Mwangalie vizuri. Anasimama nyuma ya beki wa wapinzani, mahali ambapo pasi haiwezi kumfikia. Mpira ukimjia anaurudisha palepale kwa aliyempa bila kuinua kichwa. Timu ikipata mpira wa kurusha, anamnyooshea kidole mwenzake aende kupokea. Faulo ikitokea, ndipo anainama kufunga kamba za viatu. Winga wa aina hii hurudi kukaba kwa kasi na watu wakampigia makofi, lakini mpira ukishapatikana haendi mbele tena. Mzazi akizijua dalili hizi ataacha kumwita mwanawe mvivu. Mtoto huyo anafanya kazi kubwa sana. Bahati mbaya kazi yenyewe ni ya kuukwepa mpira.

Kwa nini anaukwepa? Mimi naanza na mwili. Kabla hujasema mtoto ni mwoga, uliza amezaliwa mwezi gani na anacheza dhidi ya nani. Mashindano mengi ya umri huhesabu kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule wanawekwa kundi moja. Kwa mtoto wa miaka 10, miezi 11 ni tofauti kubwa ya kimo, kasi na nguvu. Kwetu ongeza na vijeba, yaani wakubwa waliodanganya umri. FIFA walianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, lakini kwenye bonanza la mtaani nani atampima mtu? Dogo wa kilo 30 anayemkwepa kijeba mwenye ndevu ana akili timamu. Mpe siku za kucheza na wa kimo chake, aonje kushinda mpira wa kugombania, kisha mrudishe kwa wakubwa kidogokidogo.

Baada ya mwili nakuja kwenye malezi, na hapa naomba nieleweke. Nyumbani tunamfundisha mtoto asiingilie mazungumzo ya wakubwa, asipaze sauti, asimkazie mkubwa macho, na akipewa kitu apokee kwa mikono miwili. Ni malezi mema na simwambii mtu ayaache. Lakini Jumamosi saa kumi jioni tunamtaka mtoto huyohuyo ampigie kelele kaka aliyemzidi darasa mbili, "Nipe!", wakati hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapa inaruhusiwa. Ruhusa hiyo mimi huitoa kwa mdomo, mbele ya wote, wakubwa wakiwemo: ndani ya mistari hii, kumwita mwenzako na kumdai pasi ni kumsaidia. Aliyekaa kimya akamwacha mwenzake anyang'anywe mpira kwa nyuma ndiye amemkosea. Na wale wakubwa nawaonya kabisa wasimjibu mdogo "dogo tulia", kwa sababu jibu hilo moja linaweza kumfunga mtoto mdomo msimu mzima.

Halafu nawapa maneno. Mtoto mwenye haya hawezi kubuni maneno wakati moyo unamwenda mbio. Sisi tuna matano tu: *Nipe. Mtu! Peke yako. Geuka. Wangu!* "Mtu!" ni kumwonya mwenzako kwamba kuna anayekuja kumkaba. Tunayatumia wote, kuanzia wakati wa kupasha misuli, hadi yanatoka bila kufikiri.

Jambo jingine ni sisi tunaosimama pembeni. Mwalimu anapiga kelele huku, baba kule, mjomba nyuma ya goli. Mtoto ana mpira mguuni na amri tatu masikioni. Akikosea, uwanja mzima unaguna. Baada ya mechi chache tu anakuwa amejifunza kwamba asiyegusa mpira hagunwi.

Sasa dawa. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza hutoka sehemu nne: kuwahi kulifanya akafanikiwa, kumwona mwingine anayefanana naye akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyousoma mwili wake mwenyewe, kwa mfano moyo unapodunda. Yenye nguvu zaidi ni ile ya kwanza. Sisi tumekazania ya tatu tu, maneno, tena mengi yakiwa ya kufoka.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kutengeneza mazoezi ambayo mtoto mwoga *atalazimika* kufanikiwa mara nyingi. Njia rahisi kuliko zote ni kupunguza watu. Nne kwa nne, kiwanja kidogo, magoli ya mawe au koni. Kwenye kumi na moja kwa kumi na moja mtoto anaweza kujificha dakika ishirini na usigundue. Kwenye nne kwa nne hakuna pa kujificha. Mpira unamfuata tu, anaupoteza, unarudi tena baada ya sekunde chache, anaugusa vizuri, maisha yanaendelea. Juu yake naongeza kanuni: goli halihesabiwi kama mfungaji hakuuita mpira kwa sauti. Siku ya kwanza wanacheka na kuona aibu. Baada ya hapo wanaanza kukumbushana wenyewe, "Ita bwana, ita!"

Kuhusu makosa, tumekubaliana hivi: ukipoteza mpira, hatujadili. Una sekunde tano za kuukimbiza. Mtoto aliyepoteza mpira akabaki amejishika kichwa anawaza watu wanasemaje juu yake. Ukimpa kazi ya kufanya papo hapo, mawazo hayo yanakosa nafasi. Na mimi nampongeza kwa kukimbiza, hata asipoupata.

Siku ya mechi kila mtoto anapata jukumu moja, dogo, ambalo liko mikononi mwake. Simwambii "ufunge" wala "ucheze vizuri". Namwambia winga: "Leo ukipokea ukiwa umetazama mbele, jaribu kumpita beki wako. Akikunyang'anya, jaribu tena." Mwisho wa mechi namuuliza alijaribu au hakujaribu, hayo tu. Kufunga kunategemea kipa, uwanja na mwamuzi. Kujaribu kunamtegemea yeye.

Mfano ninaopenda kuwapa watoto wangu ni Serengeti Girls. Oktoba 2022, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, Tanzania ikiwa mara yake ya kwanza kufika fainali za Kombe la Dunia la soka, walianza kwa kufungwa na Japani 4-0. Mabinti wa miaka 15, 16, dunia inawatazama. Mechi iliyofuata wakaifunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa kwa 3-0. Vijana wangu nawaambia waiangalie mechi ya Ufaransa, lakini wakiwa wanaikumbuka ile ya Japani. Waliocheza na Ufaransa walikuwa na magoli manne kwenye kumbukumbu na bado waliuomba mpira.

Nawasilisha. Walimu wenzangu na wazazi, karibuni.

---

Mama Kiwanja

Mwalimu, asante sana kwa uzi huu. Binti yangu ana miaka 13, anacheza mpira wa pete shuleni kwao, ni mrefu na anadaka vizuri. Shida yake, akigongana na mtu anaomba radhi. Kila mara. Akiupata mpira anababaika hadi filimbi inalia. Baba yake anakuja kwenye mechi na anamsema kwa sauti mbele ya watu, eti amtoe uoga. Nikimwambia apunguze, ananijibu kwamba ninamdekeza. Naomba ushauri, na wengine wenye mabinti mnisaidie.

---

Mwalimu wa Mchangani

Shikamoo mama. Nianze na mpira wenyewe. Kwenye pete mchezaji ana sekunde tatu tu za kukaa na mpira, na mkabaji anatakiwa awe angalau mita 0.9 kutoka kwake. Mtoto anayebabaika mara nyingi anaanza kutafuta wa kumpa *baada* ya kudaka, na sekunde tatu hazitoshi kwa kazi hiyo. Muulize kabla ya kudaka: "Nani yuko wazi?" Cheza naye uani. Wewe rusha mpira, na mpira ukiwa bado hewani mdogo wake ainue mkono kulia au kushoto; yeye ataje upande huo kabla mpira haujamfika. Siku ya mechi atajikuta anadaka akiwa ameshaamua, na kile ambacho watu walikiita uoga kinaweza kupungua sana bila mtu kumsemesha habari za ujasiri.

Radhi usimkataze. Mwambie aiweke mahali pake: mchezo ukisimama amnyanyue mwenzake na amwambie pole, lakini mpira ukiwa unachezwa macho yawe kwenye mpira. Binti anayejali wenzake tusimvunje. Kumpangia wakati kunatosha.

Kuhusu mzee, usimpinge pale uwanjani, mtoto atawaangalia nyie badala ya mchezo. Mpe kazi. Wababa wengi wanafoka kwa sababu wanaumia na hawana cha kufanya. Mwombe ahesabu mara ngapi binti yake ameuita mpira, aandike kwenye karatasi, na jioni amsomee idadi hiyo tu, bila maoni. Mwanamume akipewa hesabu za kushika, mdomo unapumzika, na mtoto anarudi nyumbani akijua baba yake aliona juhudi yake.

---

Beki Mstaafu

Mwalimu nakuheshimu, ila hapa naona mnawalea watoto kilaini. Sisi tulipigwa makwenzi, tulikimbizwa mizunguko ya uwanja, kocha alitutukana, na tulicheza. Tulikuwa wagumu. Samatta alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, akafika Aston Villa, unadhani alibembelezwa? Mpira ni vita. Watoto wa siku hizi ukiwaambia neno wananuna.

---

Mwalimu wa Mchangani

Mkuu, karibu, na nashukuru umesema wazi kwa sababu wengi wanafikiri hivyo. Nitakujibu kwa heshima.

Hapa tunazungumza na waliobaki. Wewe ulipigwa ukabaki, na leo unaandika. Wale walioacha mpira wakiwa na miaka 12 kwa sababu ya kupigwa hawako kwenye uzi huu, na hatujui tulipoteza mabeki wangapi wazuri kuliko mimi na wewe. Wamarekani wawili, Ronald Smith na Frank Smoll, walifanya kazi hii kwa miaka mingi na makocha wa besiboli ya watoto. Waliwafundisha makocha kupongeza juhudi, na mtoto akikosea wamtie moyo na kumwonyesha la kufanya, bila kumwadhibu. Katika utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 1992, kwenye timu za makocha ambao hawakufundishwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi msimu uliofuata. Kwa makocha waliofundishwa ilikuwa asilimia 5. Na watoto waliofaidika zaidi walikuwa wale waliojiona duni. Ndio haohao tunaolalamika kuwa wanajificha.

La pili, angalia mtoto anayeogopa kofi anachezaje. Anabutua. Kila mpira mbele, popote, mradi usiwe mguuni kwake. Kutoka pembeni anaonekana mgumu na anapigiwa makofi. Lakini hawezi kupokea mpira akiwa na mtu mgongoni, hawezi kutulia, na akipanda daraja kwenye timu inayotaka beki anayeanzisha mashambulizi, safari yake inaishia hapo.

Samatta nakubaliana nawe ni mfano mkubwa, ila tuutazame vizuri. Fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Machi 2020, Villa walikuwa wameshafungwa mbili na Manchester City. Krosi ilipoingia, yeye alijirusha na kuupiga mpira kwa kichwa. Villa walipoteza 2-1, lakini goli lile ndilo ujasiri ninaousema: kuingia mahali pa hatari wakati matokeo yanakukataa. Mtu anayecheza ili asigombezwe hajirushi pale, kwa sababu ukijirusha ukakosa unaonekana mjinga.

Na sijasema watoto wasikimbie wala wasikemewe. Mazoezi yangu ni magumu. Asiyefika kwa wakati bila sababu hachezi mechi, awe nani. Anayemtukana mwamuzi anatoka. Anayecheza rafu kwa makusudi anatoka pia, na wazazi wengine huwa wanachanganya hapo, wanaona mtoto anayepiga watu viatu ndiye jasiri. Mara nyingi huyo amechelewa tu kufika kwenye mpira. Ukali wangu uko kwenye mambo ambayo mtoto anayaamua mwenyewe. Pasi iliyopotea hakuiamua.

---

Ticha wa Pwani

Nafundisha shule ya msingi, nasimamia michezo, na tunajiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Haya yote mazuri, lakini mwalimu, mimi nina watoto zaidi ya arobaini na mipira miwili. Nne kwa nne nitaifanyaje? Na wasichana wangu wengi wanavaa hijabu, wengine wanaogopa kukimbia wakidhani itavuka wakati wavulana wanawatazama.

---

Mwalimu wa Mchangani

Ticha, mipira miwili inatosha kuanzia. Usiwapange foleni, hilo ndilo kubwa. Foleni ya watu kumi kila mmoja akisubiri kupiga shuti moja inamfundisha mwenye haya jambo moja tu, kwamba zamu yake ikifika wote wanamtazama.

Gawa uwanja wako uwe viwanja viwili vidogo, mpira mmoja kila kimoja. Timu za watu wanne wanne. Timu mbili zinacheza, ya tatu inasimama kuzunguka mistari na *inaruhusiwa kupewa mpira*: mwenye mpira akibanwa anampa aliye pembeni, naye anarudisha kwa mguso mmoja. Timu ikifungwa goli moja inatoka, ya pembeni inaingia. Hapo una watoto 24 wanaocheza kwa wakati mmoja. Wanaobaki wawe upande wa tatu na mipira ya makaratasi na nailoni, ile tuliyoikulia, wapasiane wakiitana kwa yale maneno matano. Badilisha makundi kila baada ya dakika kumi. Viongozi wa makundi wachague wewe, na mara mojamoja mchague yule mkimya. Mpe kazi ndogo yenye sauti, kama kutangaza "badilisha!" Mtoto aliyezoea kusikia sauti yake mwenyewe uwanjani hahangaiki sana siku ya mechi.

Hijabu hata FIFA wameikubali tangu 2014, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia waivue. Cha kufanya ni iwe ya kitambaa chepesi, fupi, inayobana kichwani bila pini. Kaa na akina mama wao, mtashonesha kwa fundi wa mtaani kwa bei ndogo. Suruali ndefu chini ya bukta haizuii mpira. Na ukiweza, wape wasichana muda wao wa kuanza bila watazamaji, angalau wiki za mwanzo. Tafuta pia dada mmoja wa sekondari anayecheza aje mara mojamoja. Kwa wasichana wako huyo atakuwa na nguvu kuliko nyota yeyote wa kwenye runinga, kwa sababu wanajua nyumba anayotoka, na wanajua baba yake alikataa kwanza.

---

Mama Kiwanja

Mwalimu, mume wangu amekubali kuhesabu. Amesema atakuja na daftari. Swali langu la mwisho: tukiwa njiani kurudi nyumbani baada ya mechi, nimwambie nini?

---

Mwalimu wa Mchangani

Mama, njiani usianzishe wewe. Mpe maji, mpe muhogo au chochote alichopenda, mwambie umefurahi kumwona akicheza, basi. Mwili wake bado umechemka na kila neno analisikia kama hukumu. Akianzisha mwenyewe, msikilize hadi amalize. Akilia, alie. Maswali weka hadi kesho yake: "Jana ni wakati gani uliuita mpira ukapewa? Na wakati gani ulitamani kuita ukanyamaza?" Hilo la pili ndilo lenye kazi. Akikutajia wakati mmoja, mwulize alitaka kusema nini, kisha aseme kwa sauti palepale jikoni, kama angesema uwanjani. Jumatatu amkumbushe mwalimu wake wa michezo, au wewe umnong'oneze, ampange kwenye mazoezi mahali palepale aliponyamaza, akiwa na mtu wa kumkaba, ili aite.

Kuna mdau amenitumia ujumbe pembeni kuhusu golikipa wa miaka 11 asiyesema kabisa. Huyo usimwambie apange ukuta wala aongoze mabeki, ni mengi. Aanze na neno moja, "Wangu!", kwa kila mpira wa juu, hata wa kupasha misuli, na mabeki wakubaliane kwamba wakilisikia wanampisha bila kubishana. Akiita halafu mpira ukamponyoka, beki anayemlaumu atoke nje dakika mbili. Akishazoea kuita wangu, ongeza "Toka!" kwa mabeki. Mengine yatafuata umri.